Boxer BM150 selfu inalia tik tik tu na betri ni mpya, naombeni msaada kabla sijanunua stata nzima

Mpasua150
Wakuu habari za jioni. Niko Moshi, napaki kijiwe cha Mbuyuni, chombo ni Boxer BM150 na ndo inalisha nyumba. Shida yangu ni selfu, ile ya kuwasha kwa kitufe. Ilianza kwenye mvua za masika, asubuhi nikibonyeza inazunguka kwa kujivuta, nikapuuza. Baadae ikawa inalia tik tik tik tik haraka haraka na taa ya nyutro inafifia, haizungushi kabisa. Kiki inawaka mara ya kwanza au ya pili, plagi safi, haitoi moshi, kwa hiyo injini naona haina neno.

Nikapeleka kwa fundi, hata mita ya umeme hakushika, akasema betri imekufa. Nikanunua mpya, ikapiga vizuri wiki mbili hivi nikajua yameisha, afu tik tik ikarudi vilevile. Nimerudi kwake sasa anasema stata mota, ile inayozungusha injini ukibonyeza selfu, imeungua nilete hela anunue nzima. Hela yenyewe iliyopo ni ya ada ya mtoto. Na kiki siwezi kuitegemea mana goti niliwahi kuumia, nikipiga kiki kutwa nzima usiku linavimba, na abiria wangu wengi ni wa kupanda Kibosho, ikizimika pale mlimani mama ana mzigo na mtoto mgongoni inabidi washuke kwanza ndo nihangaike. Nitajuaje kama kweli ni stata au kuna kitu kingine?

Chalii_Mbauda
Pole arifu. Yangu ilifanya hivyo hivyo, jamaa mmoja hapa Arusha akachukua bisibisi kubwa akagusisha zile naati mbili za rilei ya stata, ile swichi inayopeleka umeme kwenye stata, ikazunguka, tukabadili rilei tu basi. Jaribu, ukigusisha ikazunguka vizuri ujue stata ni nzima, usikubali kupigwa hela.

FundiNgaramtoni
Mdogo wangu Mpasua, usinunue kitu chochote bado.

Chalii hajakosea ila hilo la bisibisi nalisemea kwanza mana nimeshaona mtu kaungua mkono. Weka nyutro uhakikishe tairi la nyuma linazunguka bure, mana ukigusisha pale umeme haupiti tena kwenye swichi ya klachi wala ya nyutro, ikiwa kwenye gia chombo kinaruka mbele na wewe umeinama pembeni. Vua pete na saa. Na kama kabureta au koki inavuja petroli usiguse kabisa, pale lazima cheche itoke.

Sasa turudi kwenye selfu. Mimi nikiletewa pikipiki haiwaki kwa selfu nasikiliza kabla sijafungua kitu, mana sauti inakuonyesha pa kuanzia. Ikiwa kimya kabisa, hata tik hamna, naanza na fyuzi, kitufe chenyewe, swichi ya klachi. Ikipiga tik moja nzito ikanyamaza na taa hazijafifia, hapo ni shaba za ndani ya rilei zimeungua au kaboni za stata, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenda sehemu inayozunguka, zimekwisha hazigusi. Stata ikilia vuuuu injini imetulia, hiyo ni wanwei, ile klachi ya selfu kule ndani upande wa magneti. Yako ni tik tik ya haraka na taa zinafifia, hiyo maana yake umeme upo kidogo ila haufiki wa kutosha: rilei inavuta, stata inaanza kula umeme, volti zinaanguka, rilei inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Ndo hizo tik tik. Kinachoangusha volti ni betri iliyoshuka au njia mbovu, yaani waya mnene, naati imelegea, kutu. Stata iliyogandana pia inaweza lakini ni ya mwisho kuituhumu.

Azima mita, hata ile ya bei ndogo, weka 20 upande wa DC. Pima betri ikiwa imepumzika usiku mzima, iliyojaa inasoma 12.6 mpaka 12.8, ukiona 12.2 ni kama nusu tu. Afu ncha zikiwa hapohapo kwenye vichwa vya betri mwenzio abonyeze selfu, isishuke chini ya 10 hivi. Halafu hiki kipimo cha tatu ndo watu wengi hawakifanyi na mimi ndo naamini zaidi: ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, ncha nyekundu kwenye bodi la stata penyewe, chuma kitupu kisicho na rangi, mtu abonyeze selfu. Ethi, yaani njia ya umeme kurudi hasi ya betri, ikiwa nzuri inasoma sifuri nukta kitu, 0.2 au 0.3. Ikizidi hapo umeme unapotelea njiani. Rudisha namba hapa.

Dada_Kisongo
Naongezea kwa anayepitia hapa na yake iko kimya kabisa kama fundi alivyosema. Yangu ilikuwa inawaka kwa selfu ikiwa nyutro tu, nikisimama kwenye foleni ya pale Sakina ikizima nikiwa kwenye gia nabana klachi haifanyi kitu. Ilikuwa kile kiswichi kidogo chini ya mkono wa klachi, vumbi lilijaa kakipini kakagoma kurudi. Nilikitoa nikakipuliza nikarudisha. Nilishaambiwa waya zote zifumuliwe.

Mpasua150
Fundi nashukuru sana kwa muda wako. Nimeazima mita kwa jirani anayetengeneza redio na yeye akanishikia. Betri asubuhi 12.6. Kubonyeza selfu, kwenye vichwa vya betri inashuka mpaka 12.1 tu huku tik tik inalia. Hicho cha ethi sasa, namba inaruka ruka haitulii, mara 4 mara 6. Nimerudia mara tatu nikidhani nimekosea. Hii ni nini?

FundiNgaramtoni
Hujakosea. Betri yako ni nzima, inakaa 12.1 mana hata kazi haijapewa. Kama nusu ya volti zake inabaki kwenye ethi, stata inapata mabaki. Betri mpya ilikusaidia zile wiki mbili kwa sababu wakati wa kuifunga ule waya ulitikiswa ukagusa kidogo, kutu ikarudi.

Shika ule waya mweusi mnene kutoka hasi ya betri uufuate kwa mkono mpaka mwisho wake, unafungwa na naati kwenye injini au fremu. Kabla hujalegeza chochote toa hasi kwenye betri, siku zote hasi inatoka ya kwanza na inarudi ya mwisho, mana ukianza na chanya spana ikagusa fremu ni shoti. Fungua ile naati, piga msasa kichwa cha waya mpaka shaba ing'ae na pale kwenye chuma panapokaa ukwangue rangi na kutu yote, funga ukaze, ndo upake grisi juu kuzuia maji. Angalia na kichwa cha waya penyewe palipobanwa, ukiona unga wa kijani nyuzi zimeoza ndani, kata weka kichwa kipya. Vichwa vya betri navyo hivyohivyo.

Na mnaoosha kwa mashine ya presha msielekeze mdomo kwenye stata na chini ya siti.

Mpasua150
Wakuu nimerudi. Naati ilikuwa nyuma ya injini imefunikwa matope ya masika, kuitoa ilitoka na unga wa kijani, kichwa cha waya kilibaki mkononi mwangu, nyuzi kama nne ndo zilikuwa zimeshika. Nimeweka kichwa kipya, nimepiga msasa, sasa mita inasoma 0.2 na SELFU INAZUNGUSHA. Hapa nyumbani wote wametoka nje kusikia. Ila naona bado haina ile kasi ya zamani, inazungusha kwa uzito kidogo hasa ikiwa ya baridi.

FundiNgaramtoni
Hongera. Huo uzito uliobaki angalia kaboni. Stata inatoka kwa naati mbili za namba 10, toa hasi kwanza kama nilivyosema. Kabla ya kulegeza zile naati ndefu za namba 8 chora mstari wa kalamu kwenye mfuniko na bodi ili urudishe palepale, na vile viwasha (washa, pete nyembamba) vya mwisho wa amecha, ile sehemu inayozunguka ndani ya stata, kumbuka kila kimoja kimetoka upande gani, ukivichanganya stata itabana. Kaboni zikiwa zimebaki chini ya nusu ya mpya badili zote pamoja. Shaba ya amecha ipige msasa laini wa 400 kwa kuzungusha, usikwangue kwa kisu, na ule unga mweusi kwenye mifereji utoe kwa njiti ya kiberiti. Oringi ya shingoni kama imekauka weka mpya, la sivyo utavuja oili.

Afu usibonyeze selfu zaidi ya sekunde 5 kwa mkupuo, iache ipumzike ndo ujaribu tena. Stata nyingi tunazopokea zimeungua kwa kubonyezwa muda mrefu injini ikiwa na shida nyingine ya petroli au plagi.

Chalii_Mbauda
Kweli kuna vya kujifunza, mimi ile rilei niliyobadili imeanza tena tik tik wiki hii, kumbe sijawahi kupima ethi hata siku moja. Fundi na chaji inapimwaje?

FundiNgaramtoni
Iwashe, ncha kwenye vichwa vya betri, vuta mafuta injini ikimbie wastani, inatakiwa isome kati ya 13.5 na 14.5. Chini ya 13 haichaji, angalia soketi ya regulata, kile kidhibiti cha chaji, kama imeungua. Ikipita 15 regulata imekufa na itapika betri. Washa na zile spotilaiti zenu uone kama inashuka, mana wengi mnafunga taa nne na chaja ya simu kwenye chombo ambacho hakikutengenezewa mzigo huo, na betri haijai kamwe.

Mpasua150
Kaboni moja ilikuwa imebaki kipande kama punje ya mahindi. Nimeweka seti mpya, hela ya ada haijaguswa. Chaji inasoma 14.1, nikiwasha spotilaiti zote mbili 13.2, nimetoa moja. Leo saa kumi na moja alfajiri kulikuwa na baridi kali nimeibonyeza mara moja tu imewaka, nimepeleka mtu Kibosho na kurudi, sijagusa kiki.