Kadi za beseboli za miaka ya 50: nizipeleke zikapimwe gredi au niuze hivi hivi?

Mmatumbi_Ohio: Wakuu, salaam. Nipo Columbus. Nimenunua boksi la vitu vya zamani, chini yake nikakuta kadi za picha za wachezaji za kampuni ya Topps, za 1952 hadi 1957. Mickey Mantle, staa ambaye kadi yake inasakwa kuliko zote, hayumo, nimepekua mpaka basi. Ila Hank Aaron, staa mwingine, wa 1954 yupo! Kona mbili zimelika, na ukingo mweupe wa kushoto ni mwembamba kuliko wa kulia. Jamaa kazini anasema nizipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kisha nizitume zote PSA, kampuni inayopima hali ya kadi na kuipa gredi. Ushauri tafadhali.

KonaNne: Achana na kitambaa, mkuu! Karatasi ya zamani ikinyonya maji inavimba, na wapimaji wana lenzi. PSA wanatoa gredi 1 mpaka 10 kwa kuangalia kona, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati. Wakigundua kadi imepunguzwa kingo, hupati namba kabisa. Gredi inabadilisha bei hasa kule juu: Mantle wa Topps 1952 mwenye 9 aliuzwa dola milioni 5.2 mwaka 2021. Mwaka uliofuata akaja mwingine wa 9.5, kapimwa na SGC, kampuni nyingine ya gredi, akaondoka kwa milioni 12.6.

Bibi Kizaazaa: Sikatai, ila msimtishe na namba. Kadi ya mchezaji Honus Wagner wa T206 (toleo la kadi za sigara la 1909–1911) yenye gredi 2 tu iliuzwa dola milioni 7.25 mwaka 2022, kwa sababu zilizobaki ni chache mno. Na ile kadi maarufu ya Wagner yenye 8? Bill Mastro, mfanyabiashara wa minada ya kadi, alikiri mwaka 2013 kwamba aliipunguza kingo. Kwa hiyo gredi nayo ni jicho la binadamu, mdogo wangu.

Mmatumbi_Ohio: Shikamoo dada. Kwa hiyo nitume zote?

Bibi Kizaazaa: Marahaba. Zote za nini? Ada unalipa kwa kila kadi. Mchezaji asiyejulikana mwenye gredi 3 hakurudishii hata hiyo ada. Tuma Aaron na mastaa wengine, zilizobaki uza kwa fungu.

KonaNne: Kabla ya kutuma, mwinamishe Aaron chini ya taa. Mkunjo mdogo usioonekana ukitazama moja kwa moja ndio unaoshusha gredi kuliko hizo kona. Halafu tupia picha hapa, mbele na nyuma.