Barua ya babu kutoka Kampala, Aprili 1979: mbona kaandika hivi?

Mjukuu wa Karani
Shikamooni wazee, wengine habari zenu. Babu yangu alikuwa karani wa kupima pamba huku Bunda, na mgambo pia. Novemba 1978 wakamchukua kwenda vita ya Kagera. Bibi ametunza barua yake moja sandukuni, chini ya kanga asizozivaa. Ni nusu karatasi ya daftari, tarehe 15-4-1979. Nainakili yote:

"MAMA WATOTO. MIMI NI MZIMA. JUMATANO TUMEINGIA KAMPALA. VITA IMEKWISHA. BATI USINUNUE MPAKA NIJE. MBUZI MWEUSI USIMUUZE. NIJIBU WEWE."

Basi. Hakuna nakukumbuka, hakuna hata salamu kwa wazazi. Herufi zote kubwa, zimeachana kama meno ya mtoto. Na stakabadhi zake za pamba ninazo hapa: mwandiko wa kulala, mzuri mpaka unaona wivu.

Kama vita ilikwisha Aprili, mbona alirudi mwaka uliofuata? Na kwa nini aandike hivi? Baba anasema mkono ulikuwa unatetemeka kwa ajili ya mizinga. Bibi nikimuuliza anacheka, "kamuulize mwenyewe," na mwenyewe tulishamzika.

Ramani Mezani
Tarehe zinakubali. Kampala ilitekwa Jumatano 11 Aprili, na hiyo 15 ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Ila vita haikuishia Kampala. Jinja ilichukuliwa 22 Aprili, Arua mwanzoni mwa Juni, na tarehe 3 Juni jeshi letu likafika mpaka wa Sudan. Hata hapo si wote waliorudi. Kuna waliobaki Uganda kulinda usalama mpaka 1981. Babu yako hakudanganya. Siku ile kila askari alijua Amin kakimbia, nani angefikiria habari za Arua?

Chizi Maarifa
Mimi nimekwama kwa mbuzi mweusi. Aliuzwa au hakuuzwa?

Mzee wa Kyaka
Marahaba mjukuu. Siyo mizinga. Mkono unaotetemeka hautengi herufi vizuri namna hiyo, unaziparaza.

Mimi nilikuwepo, na kwenye kombania yetu ndiye niliyeandikia wenzangu barua, maana wengi kalamu iliwashinda. Walinitajia salamu ukurasa mzima: baba mkubwa, shangazi, balozi wa nyumba kumi. Walijua barua ikifika itasomwa na mwalimu au mtoto wa shule, ukoo mzima umekaa mkekani unasikiliza. Sasa utamwambia mkeo unamkumbuka huku mkweo anakohoa pembeni? Unauliza habari za mahindi, yeye anaelewa. Mmoja aliniandikisha mara tatu kuhusu mlango wa jikoni unaolia. Nilimwona mjinga, mpaka na mimi nilipooa.

Nikuulize wewe: bibi alikuwa kisomoni wakati ule? Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na miaka ile yote akina mama walikuwa wakitoka shamba wanakaa chini ya mwembe na daftari. Anayeanza kusoma, mwandiko wa kulala hauwezi. Anataka herufi moja moja, maneno machache. Karani mwenye mwandiko wa wivu hawezi kuandika kama mtoto bila sababu. Halafu angalia mwisho: nijibu WEWE. Hakutaka mwalimu aiguse ile barua.

Ramani Mezani
Mzee, hapo umenimaliza.

Mjukuu wa Karani
Natoka kwa bibi sasa hivi. Nilimsomea maneno ya Mzee wa Kyaka kwenye simu, na safari hii hakucheka. Akaniambia nilete miwani. Akaweka kidole kwenye M ya kwanza, akasoma barua yote kwa sauti, polepole, ingawa naamini anaijua kwa kichwa. Kwenye MWEUSI akasimama. Anasema ndipo alipokwama hata siku ile, kisomoni walikuwa hawajafika "mwe". Alikaa nayo siku mbili bila kumwonyesha mtu, akiwaangalia mbuzi mmoja mmoja, mpaka akaelewa ni yupi.

Kujibu alijibu, kwa mkono wake. Chizi Maarifa, jibu lako hili hapa, maneno manne tu na bado anayakumbuka: "BATI SIJANUNUA. MBUZI AMEZAA."