Mliofunga miguu kwenye bunduki ya shabaha, tupeane uzoefu

Kijana wa Nkuhungu:
Mbukwenyi wakuu. Jumamosi nilikuwa kwenye shabaha nje ya mji na jamaa zangu wenye leseni. Kuna mzee pale ana bunduki ya zamani ya mbao, siku zote anaegemeza kwenye mfuko wa mchanga na anatuchapa wote. Safari hii kaja na miguu miwili mipya inayokunjwa, kaifunga chini ya mbao ya mbele pale pa kuning'iniza mkanda. Tukajua leo tumekwisha. Risasi zake za mwanzo, mita 100, zote juu! Kiganja kizima juu ya mahali anapopigaga. Kazira, kafungua miguu, karudi kwenye mchanga, zikaingia katikati. Kaondoka analaani "miguu ya vijana wa muvi".
Waliofunga hiyo kitu iliwaendeaje? Wale wa "silaha ya nini raia", Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ipo na leseni zipo, naombeni mpite kimya.

Pembe Tatu:
Sipiti kimya. Silaha ya nini raia?

Shangazi wa Chamwino:
Ya kwetu nayo ilihama, ila zilishuka. Nafuatilia uzi.

Seremala wa Kongwa:
Mbao ya mbele ya huyo mzee inagusa mtutu, dau langu lipo hapo. Mtutu ukitetema lazima uwe huru. Ukiweka miguu, uzito wote wa mbele unabebwa na ile mbao, inapinda kidogo, inauegemea mtutu, risasi inahamia pengine. Kwenye mchanga aliegemeza karibu na magazini, mbao ilikuwa haipindi. Chukueni karatasi ya daftari, ipitisheni kati ya mtutu na mbao kuanzia mbele hadi karibu na chemba, pale risasi inapokaa. Halafu simamisheni bunduki kwenye miguu, isukumeni kwa bega, mpitishe tena. Ikikwama mara ya pili mmempata mchawi. Na hata isipokwama, bunduki ikishafungwa miguu inapimwa upya kwenye shabaha na miguu ikiwa imefungwa. Sio unapima leo bila, kesho unafunga, halafu unalia.

Kombania B:
Karatasi za nini? JKT Makutupora tulilala kwenye vumbi na SMG, bunduki zetu za jeshi, viwiko vikachunika, afande kakukanyaga visigino ulaze miguu yako mwenyewe, na shabaha ilitoboka. Miguu ya bunduki ni kwa LMG, ile ya rashasha.

Shangazi wa Chamwino:
Ilitoboka na risasi za jirani yako.

Kombania B:
😂 Shangazi umenionea wapi?

Mama Zabibu:
Mmenikumbusha jambo nilitaka lisahaulike. Shemeji yangu alinunua miguu ya kufunga kwenye skrubu ya pete ya mkanda. Bunduki yake .30-06, teke lake mnalijua. Ile skrubu ya mbele ilishalegea siku nyingi, tundu limepanuka. Fundi mwenye akili angetoboa hadi ndani, akaweka skrubu ndefu yenye nati upande wa ndani wa mbao. Yeye kachukua kijiti cha kiberiti, kajaza tundu, kakaza na koleo. Nilikuwepo, nimeshika chupa ya chai. Nikamwambia baba fulani, hicho kitu hakijashika. Akanijibu mwanamke na skrubu wapi na wapi.

Tukaenda. Pale wanapiga wakiwa wamelala kwenye sakafu ya zege. Risasi ya kwanza miguu iliruka juu kidogo, ikatua. Akafurahi. Kwa ya pili akasikia kuna mtu kasema usukume bega mbele ili miguu itulie, akasukuma kama anasukuma gari lililozimika. Kafyatua. Miguu imebaki imeng'ang'ania ufa wa zege, bunduki imerudi nyuma peke yake, skrubu imechomoka na kipande cha mbao. Darubini ikamkata juu ya jicho, duara safi kabisa. Damu ilivyo ya paji la uso, unadhani kachinjwa. Msimamizi kapiga kelele "Simama wote!", kila mtu kafungua chemba, kaweka chini. Mimi natetemeka, chai yote imenimwagikia. Na yeye kashika jicho, anauliza imeingia wapi!

Kashonwa, na kovu analo hadi leo, akiinama kusalimia watoto wanaliona. Bunduki ilitengenezewa mbao mpya yote. Gharama sitasema, mke wake yumo humu.

Mke wa Shemeji:
Nimo. Kumbe hela ya ada ilienda huko.

Pembe Tatu:
Ndiyo nilichouliza juu pale.

Alama Kumi:
Poleni. Ila tuseme ukweli, anayefunga miguu hajui kulenga. Olimpiki mita 50 hawaruhusu miguu, wanatumia mkanda mkononi na koti, na duara la kumi lina milimita 10.4. Jifunzeni mkanda.

Seremala wa Kongwa:
Olimpiki sio dunia nzima. F-Class, mashindano ya shabaha za mbali, unaijua? Aliyeianzisha ni George Farquharson wa Kanada. Kundi la F-TR miguu ruksa, mfuko wa nyuma ruksa, bunduki ni ya risasi za .223 au .308, na kila kitu pamoja na miguu yake kisizidi kilo 8.25. Wanapiga umbali ambao wewe na mkanda wako hata ubao huuoni.

Alama Kumi:
Kilo nane sio bunduki, ni mzinga.

Seremala wa Kongwa:
Kumbe hujawahi kushika. Tulijua.

Alama Kumi:
Njoo na hiyo .308 yako Agosti upepo ukivuma huku kwetu, tuone miguu itakusaidia nini.

Kijana wa Nkuhungu:
Wazee taratibu. Hapo kwenye upepo Alama Kumi kapata. Miguu inashika bunduki, upepo inauacha kama ulivyo.

Mfuata Nyayo Itigi:
Nimefanya kazi za kuongoza wageni wa uwindaji pori la Rungwa. Kule wengi wanaegemeza bunduki kwenye mikongojo mitatu iliyofungwa pamoja, unapiga umesimama, kwa sababu nyasi zinapita kimo cha miguu hiyo ya kwenye bunduki. Mgeni mmoja akakataa, kaja na miguu yake mifupi ya bunduki, ya inchi 6 hadi 9, anataka kulala. Kabla ya pori tulimpeleka kwenye ubao apime bunduki baada ya safari ya ndege. Kalala, kafungua miguu, kaichomeka kwenye majani makavu. Tukasikia tairi linatoa upepo. Moma! Kajikunja katikati ya miguu miwili ya bunduki, kichwa kinatazama mdomo wa mtutu. Mgeni kaganda. Mimi nikamwambia kwa ishara, achia kitako, rudi nyuma kwa tumbo. Karudi. Bunduki ikabaki imesimama na moma wake ndani, na nyie mnaojua moma mnajua hana haraka. Tulisubiri juani mpaka alipoamua kuondoka. Mgeni alipiga wanyama wote kwa mkongojo, kasimama.

Kombania B:
Duh. Ningeacha bunduki, leseni na suruali.

Chipukizi:
Moma anauma kinyumenyume, kwa hiyo mgeni alikuwa hatarini zaidi kuliko mtutu.

Mfuata Nyayo Itigi:
Uongo wa kijiweni. Anagonga mbele na ubavuni, ila ni mwepesi mno na rangi yake ni ya majani makavu.

Shangazi wa Chamwino:
Kwetu Bahi kuna mmoja aliingia kwenye ghala...

Kijana wa Nkuhungu:
Shangazi nakuheshimu, ila tutarudi kwenye mada lini?

Mama Zabibu:
Mwache aseme la ghala.

Timazi:
Narudisha mimi. Moja, miguu ikikaa upande bunduki inalala. Ikilalia kulia risasi inakwenda kulia na chini, na kadiri shabaha inavyokuwa mbali ndivyo unavyotukanwa. Nimebandika kipimamaji kidogo kwenye darubini. Pili, kwenye zege tandika gunia au kipande cha zulia, miguu haitaruka. Kusukuma bega ni kuondoa ulegevu tu, ukiona misuli inatetema umepitiliza.

Alama Kumi:
Mimi nasema usisukume kabisa.

Timazi:
Basi usisukume, mradi kila risasi ufanye vilevile.

Chipukizi:
Na nyuma mnaweka nini? Mbele yangu imetulia, kitako kinacheza.

Timazi:
Soksi. Jaza nafaka, funga, weka chini ya kitako. Ukiminya kitako kinapanda, ukiachia kinashuka. Hiyo ni nusu ya kazi yote.

Shangazi wa Chamwino:
Yangu nilijaza uwele. Panya wamekula soksi na shabaha zote.

Seremala wa Kongwa:
Mchanga mkavu uliochekechwa.

Timazi:
Mchanga mzito kubeba. Uwele mzuri, changanya na majivu wadudu wasiingie.

Mama Zabibu:
Majivu yakimwagikia lensi ya darubini, usinitafute.