Nyota zenye majina ya Kiarabu kwenye simu, na zetu ni zipi?

Kijana wa Shela
Assalamu alaikum. Mimi hupeleka wageni kwa mashua jioni, tukirudi kutoka upande wa Manda kiza kishaingia. Juzi mgeni kaelekeza simu juu, programu ikamwandikia Aldebaran, Rigel, Betelgeuse. Akaniuliza, nyinyi mwaziitaje? Nikamwonyesha Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo, nikaishia hapo. Babu alikuwa nahodha wa jahazi na nyota alizijua, mjukuu kabaki na Kilimia tu! Na hayo majina ya simu kama nimepata kuyasikia chuoni. Ni ya nani hasa?

Maalim Langoni
Waalaikumu salamu, mwanangu. Masikio yako ni mazima. Rigel ni rijl, mguu. Aldebaran ni al-dabaran, mwenye kufuata, kwa kuwa anakiandama Kilimia: kikizama upande wa bara, haiishi saa naye keshazama.

Betelgeuse ndiyo yenye kisa. Waarabu walisema yad al-jauza, mkono wa Jauza, yaani lile kundi la nyota liitwalo Orion. Sasa andika herufi yaa mwanzo wa neno: kijino kimoja, nukta mbili chini. Ipunguze nukta moja, ishakuwa baa. Wafasiri wa Kilatini wa zama za kati waliisoma kwa baa, jina likakosa maana, na waliokuja baadaye wakalitafutia tafsiri ya "kwapa". Nina watoto wa alifu hapa barazani wanakemewa kila siku kwa kosa lilo hilo, na hakuna anayewapa nyota.

Lakini usimwambie mgeni kuwa yote ni ya Waarabu. Ptolemy, mtaalamu wa nyota wa Iskandaria, karne ya 2, alikusanya makundi 48 ya nyota. Mwaka 964 Abdurrahman al-Sufi akayapitia upya, akatia na majina ya Kiarabu. Sirius na Antares ni Kiyunani. Antares ni mshindani wa Mirihi, kwa wekundu wake. Kwenye falaki yetu ni moyo wa Nge. Sirius ndiyo Shi'ra ya Suratu Najm, aya ya 49.

Bi wa Mambrui
Mbona Kilimia mwakipita mbio? Sisi wenye mashamba ndicho tulichonacho. Mwanzoni mwa Mei kinapotea magharibi, Juni kinarudi alfajiri. Wazee walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mgeni mpe hilo kwanza. Tena Kiarabu chake ni Thuraya, na Thuraya tunao kila mtaa.

Nahodha Mstaafu, Matondoni
Na Suheil pia, kila nyumba yumo mmoja. Kijana, leo ukitoka Isha geukia kusini. Ile kubwa iliyojitenga ndiyo Suheli, kwenye simu itaandikwa Canopus. Ya pili kwa mwangaza usiku. Ya kwanza ni hiyo Shi'ra ya Maalim, iko karibu na utosi wako. Kusini yenyewe wazee waliiita suheli, na kaskazini jaa. Jaa ni nyota isiyohama, ila Lamu usiitafute, tuko chini ya ikweta. Jahazi likipanda Arabuni na upepo wa kusi ndipo inapotokea baharini mbele, na kila ukizidi kwenda inapanda. Waliipima kwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo: fundo kwenye meno, ukingo wa chini wa kibao kwenye upeo wa bahari, ukingo wa juu kwenye nyota. Hesabu yake ni kwa vidole. Simu ikizima chaji, kibao hakizimi.

Kijana wa Shela
Shukrani sana, wazee wangu. Suheli nimeiona sasa hivi nikiwa gatini! Na ule Msalaba wa Kusini wanaouliza kila siku?

Nahodha Mstaafu, Matondoni
Machi hii jioni bado uko chini mno. Subiri saa nne, uangalie kusini-mashariki. Saa hiyo wageni wako washalala, basi uwatoze ziada kwa kuwaamsha.