Yule jamaa wa banda la gemu kanichomoa pedi mkononi eti "wewe ni wa kuokolewa"

Wanamtwara, simtaji, mnamjua. Yule wa banda la njia ya Shangani, anayetembea kifua mbele kama bandari kaijenga yeye. Nimetoka hapo sasa hivi mikono inatetemeka.

Nimelipa jero langu, nikakaa kwenye mashine ya kaseti, naicheza Super Mario, ile ya 1985. Nimepiga ngome saba, SABA, na kila ngome kale kajamaa ka uyoga kanakwambia asante ila binti mfalme yuko ngome nyingine, nikavumilia. Nimefika ya nane, lile joka liko mbele yangu, shoka la kuliangusha naliona kwa macho, nabakiza kuruka mara moja tu, jamaa kaja kanichomoa pedi kampa katoto ka darasa la tatu! "Dada, wewe si wa kuokoa, wewe ni wa kuokolewa." Banda zima likacheka mpaka mabati yakalia, Msumbiji wamesikia. Na dogo kaingia kwenye moto hapo hapo!!

Wa kuokolewa! Na jero nimetoa mimi!

Akili hii kaitoa kwenye magemu yenyewe. Donkey Kong ya 1981 sokwe kabeba mwanamke juu. Double Dragon ya 1987 ndo balaa, dada wa watu kasimama zake, anapigwa ngumi ya tumbo anabebwa begani kama gunia la korosho, na mkicheza wawili, mwisho wale ndugu wawili mnaowacheza wanatwangana wao kwa wao nani ampate, yeye hajaulizwa. Mtu kakua na hayo, lazima akuchomoe pedi ngome ya nane. Ngome ya NANE jamani, shoka lile pale!

Ming'oko ya Moto: Namjua huyo. Juzi kanizimia naongoza mbili bila, eti muda umeisha.

Kijana wa Mikindani: Ngome saba kwa jero? Sista ulishamfilisi, ungemaliza ya nane angekula nini?

Bibo Tamu: Mwambieni kuhusu Metroid ya 1986, unapiga gemu zima unajua unayemcheza ni njemba, ukimaliza haraka anavua dirii kumbe mwanamke.

Fundi Redio: Metroid nani anaijua huku, sisi tunacheza mpira.

Mwenye uzi: Mimi naongelea PEDI! Peach mwenyewe, yule binti mfalme, Super Mario Bros. 2 ya 1988 unamcheza na anaelea hewani, Mario haelei!

Fundi Redio: Sasa si ungeelea ukachukua pedi yako 😂😂

Mlindi Halisi: Nyie mnalia pedi kuchomolewa, huku Lindi kitufe cha kupiga shuti kimekufa pedi zote, tunabonyeza kwa msumari.

Kijana wa Mikindani: Kumbe Lindi kuna banda? Najua mna ufukwe na usingizi tu.

Mlindi Halisi: Usingizi? Timu ya Namungo ya mkoa gani? Ndanda yenu iko wapi?

Kijana wa Mikindani: Ndanda muiache, inatuuma.

Mwenye uzi: Jamani ngome ya nane!!

Ming'oko ya Moto: Umeme huo umekatika tena. Gesi inatoka hapa hapa kwetu halafu tunakaa na vibatari.

Bibo Tamu: Huku Ligula tangu saa kumi na mbili.

Fundi Redio: Shangani vipi, upo?