Kupanga nyumba Pune, Maharashtra: dalali anasema mkataba hausajiliwi

Mwanafunzi_Mtarajiwa:
Habari zenu wakuu. Nakwenda kusoma Pune, India, mwezi wa Julai na bweni la chuo limejaa. Kuna dalali ana nyumba ya chumba kimoja, sebule na jiko huko Viman Nagar. Kodi ni rupia 18,000 kwa mwezi na amana 50,000. Anataka nitume amana nikiwa bado Dar. Mkataba anasema ni wa miezi 11, kwa hiyo hauna haja ya kusajiliwa. Ni kweli? Na nikague nini kingine? Napika mwenyewe na nyama natumia. Natanguliza shukrani.

Mdau_Pune:
Mkuu, usitume hata senti. Amana ya miezi miwili mpaka mitatu ni kawaida Pune, na udalali wa kodi ya mwezi mmoja pia. Tatizo liko kwenye usajili.

Sheria ya India ya mwaka 1908 inataka upangaji unaozidi mwaka mmoja usajiliwe, ndiyo maana nchi nzima wanaandika miezi 11 kukwepa. Maharashtra ujanja huo haufanyi kazi. Jimbo lina sheria yake ya kodi za nyumba ya 1999, na kifungu cha 55 kinataka kila mkataba wa aina hii uwe wa maandishi na usajiliwe, hata ukiwa wa miezi miwili. Jukumu ni la mwenye nyumba, na asipotimiza anaweza kupigwa faini au kufungwa hadi miezi mitatu. Mkataba wenyewe wanauita "leave and licence", utaje hivyohivyo.

Gharama si ya kukimbiwa. Ushuru wa stempu ni asilimia 0.25 ya kodi yote ya kipindi, ukijumlisha asilimia 10 ya amana kwa mwaka. Kwa nyumba yako: 18,000 mara 11 ni 198,000, ongeza kama 4,600 ya amana, ushuru unatoka rupia 500 na kitu. Ada ya usajili mjini ni 1,000. Kubalianeni mapema nani analipa, wengi hugawana nusu kwa nusu.

Wenyeji husajili mtandaoni kwa alama za vidole na kitambulisho chao cha Aadhaar. Wewe huna, kwa hiyo ulizia miadi ya ofisi ya msajili: nenda na pasipoti halisi, picha, na mashahidi wawili.

Kwa nini nakazania hili? Viza ya zaidi ya siku 180 inakutaka ujisajili kwa ofisi ya wageni, FRRO, ndani ya siku 14 tangu ufike. Maombi ni ya mtandaoni, na kati ya vitu wanavyotaka ni barua ya chuo wanayoiita "bonafide" na uthibitisho wa unapoishi. Karatasi ya dalali isiyosajiliwa inarudishwa, siku zinakatika, na ukichelewa kuna faini. Benki nao watauliza mkataba huohuo.

Fundi_Mitaa:
Nyongeza kwenye ukaguzi. Julai ni katikati ya mvua zao, Juni hadi Septemba, kwa hiyo nyumba itajisema yenyewe. Pitisha kiganja kwenye kona za juu za ukuta, nyuma ya kabati na chini ya dirisha. Rangi iliyovimba au unga mweupe maana yake maji yanapenya, na ghorofa ya mwisho ndiyo huumia zaidi. Piga picha zenye tarehe kabla hujaingiza begi.

Maji: uliza yanatoka saa ngapi na kama jengo linanunua ya boza. Pembezoni kama Wagholi, kiangazi cha Machi hadi Mei boza ndiyo tegemeo.

Umeme hakuna LUKU. Bili inakuja kila mwezi kwa jina la mwenye nyumba. Omba bili ya karibuni, uone kama kuna deni la nyuma, kisha piga picha ya mita siku unayoingia. Bei inapanda kwa ngazi: uniti 100 za mwanzo ni nafuu, ukivuka hapo inaruka sana. Kiyoyozi na hita ya maji ndivyo vinavyokuvusha.

Gesi: kama jengo lina bomba, umepona. Mtungi wa nyumbani wa kilo 14.2 unahitaji akaunti yenye nyaraka za makazi, kwa hiyo wanafunzi wengi huanza na wa kilo 5.

Kuhusu nyama, uliza kabla ya kwenda kuona nyumba. Majengo mengi yana chama cha wakazi, "society", na baadhi ya wenye nyumba hawataki ipikwe kabisa. Wengine hawapangishi wasio na familia, na wapo wanaokataa Waafrika waziwazi. Ni uonevu, na bora ulijue kwa simu kuliko mlangoni. Mitaa ya Kondhwa na Camp nyama halali inapatikana kirahisi.

Mwanafunzi_Mtarajiwa:
Asanteni sana. Na mwenye nyumba akikubali kusajili mkataba lakini akaogopa mambo ya FRRO?

Mdau_Pune:
Hapo tafuta nyumba nyingine. Anayempokea mgeni lazima atoe taarifa ndani ya saa 24, ile wengi wanayoiita Fomu C. Ni ya mtandaoni, haina ada, ila anafungua akaunti kwa kitambulisho chake na hati ya nyumba, na wanaokwepa kodi ya serikali wanaikimbia. Fikia kwanza hosteli au nyumba ya wageni inayotoa Fomu C, kisha tafuta kwa miguu yako.

Na usipange kuhama siku ya mwisho ya Ganeshotsav, sikukuu ya mungu wa Kihindu Ganesh, Agosti au Septemba. Maandamano ya kuzamisha sanamu za Ganesh hufunga barabara za katikati ya mji usiku kucha. Nenda ukayaone, ni sherehe kubwa kuliko zote za mji ule, lakini gari la mizigo halipiti.

Fundi_Mitaa:
Amana nayo iandikwe itarudi lini, ikiwezekana siku ileile ya kukabidhi funguo. Wenye nyumba wengi hukata pesa ya kupaka rangi, kiasi kiandikwe kwenye mkataba. Angalia pia kipengele cha "lock-in", yaani muda ambao huruhusiwi kuhama kabla haujaisha: kikisema miezi sita, ukihama wa nne unadaiwa miwili.