Mzunguko wa Mkwakwani: tutie viti au tuache ngazi?

Mgosi wa Ngamiani
Wagosi, salaam. Kila timu kubwa ikija Mkwakwani, uwanja wetu wa hapa Tanga, maneno ni yale yale: uwanja utiwe viti pande zote. Mimi sitaki, nalisema mapema. Jukwaa kuu tieni hata makochi, mzunguko, yale majukwaa mengine yanayozunguka uwanja, niachieni ngazi zangu za zege.

Nilianza kuingia pale nikiwa mdogo, nimeshikwa mkono na marehemu baba, enzi zile Coastal Union yetu inachukua ubingwa wa ligi wa 1988. Zege likishika jua la saa tisa hulikalii bila gazeti. Muuza machungwa ya Muheza anapita chini, unamrushia hela, anakurushia chungwa limeshamenywa na kukatwa kichwa. Ukilinyonya, maji yanateremka mpaka kwenye kiwiko. Goli likiingia hujui umekumbatiwa na nani. Siku moja nilijikuta ngazi tatu chini, kandambili moja sina, nimedakwa na mzee wa African Sports, watani wetu wa hapahapa Tanga, aliyekuja makusudi kutuombea tufungwe. Kandambili ilirudi mapumziko, imepita mkono kwa mkono. Kwa viti vya namba mambo hayo mtayapata wapi?

Binti Makorora
Kaka, hayo ni matamu kwako wewe mrefu. Mimi nimekwenda na wanangu wawili, dakika tisini nimetazama migongo ya watu. Goli nimelijua kwa kelele. Halafu huko kukumbatiwa na usiyemjua mnakusifia nyie wanaume. Sisi wengine tunakumbatiwa tusipotaka, na pa kusogea hakuna.

Mwalimu Mstaafu
Mnasahau uwanja wa Hillsborough, Uingereza. Sheffield, 15 Aprili 1989, mashabiki wa Liverpool 97 walikufa kwa kubanwa kwenye jukwaa la kusimama. Baada ya hapo Uingereza ikazilazimisha timu za madaraja ya juu kuweka viti. Wenzetu wamejifunza kwa misiba, sisi tunangoja nini?

Kijiwe cha Kahawa
Shikamoo mwalimu, lakini umetupa nusu ya habari. Wale walikuwa ndani ya vizimba vya uzio wa chuma. Polisi wakafungua geti la kutokea, umati ukamiminika kwenye handaki linaloelekea vizimba vya katikati ambavyo vilishajaa, mbele hakuna pa kukimbilia. Mwaka 2016 jopo la uchunguzi wa vifo liliamua kwamba waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Na tangu 2022 haohao Waingereza wameanza kuruhusu tena kusimama, ila kila mstari una chuma cha kushikilia.

Tuje nyumbani. Mei 2023, Yanga na USM Alger, Uwanja wa Mkapa, viti 60,000. Mtu mmoja alifariki kwenye msongamano wa kuingia. Viti si vilikuwepo? Mimi nataka kusikia habari za mageti: mangapi, mapana kiasi gani, yanafunguliwa saa ngapi. Hilo hamligusi, mnabishania plastiki.

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Kwenye mageti nakubali. Ila ngazi bila vyuma mimi bado siafiki.

Mgosi wa Ngamiani
Vyuma sawa, mwalimu, vitawafaa hata wazee wa magoti. Hofu yangu nyingine ni bei. Kiti kikishapigwa namba, tiketi inapanda, na yule kijana wa bodaboda anayekuja na elfu zake chache anabaki nje anasikiliza redio. Ndiye mwenye sauti, jamani. Jukwaa kuu hawaimbi, wanapiga picha.

Ila dada wa Makorora amenibana, sina jibu la maana. Basi tugawane: nyuma ya magoli ngazi na vyuma, upande mmoja viti, familia zikae.

Binti Makorora
Upande upi, kaka? Maana nakujua. Ukinipa viti upande wa jua, na kivuli mkabaki nacho nyie, hatujaelewana.